Ni Kitu Kidogo Tu, Boss

Sikia, msee wangu. Ukiona bonnet imeinuliwa pale njia ya kuingia mtaa wetu wa Wema, usiulize kama kuna noma. Noma iko. Uliza tu imefika stage gani. Kuna stage ya moshi mweupe. Kuna stage ya "imezima tu yenyewe". Kuna stage ya wasee watano wamekunja mikono wanacheki ndani ya injini, hakuna anayejua anatafuta nini, na hakuna anataka kuwa wa kwanza kuishia. Alafu kuna stage ya mwisho. Fundi anafuta mikono na kitambaa ambacho ni kichafu kuliko mikono yenyewe, anakuangalia na huruma, anatoa ile line: "Ni kitu kidogo tu, boss."

Hapo jua umeisha.

Karao wa roadblock akisema kitu kidogo, unatoa soo mbili, unasonga. Fundi akisema kitu kidogo, uza mbuzi. Hiyo line imemeza ganji ya huu mtaa kuliko harusi zote za Desemba, na bado kila mtu akiisikia anaamini, juu imeitwa kwa upole na umeitwa boss.

Nakuchapia hii yote juu najua uko na plans. Nakuona. Umeuza maembe, kuna kadoh kamelala M-Pesa, usiku unascroll picha za Probox mpaka simu inazima mkononi. Na sikulaumu. Kwa mtaa wa boda, msee wa bonnet ni sonko. Desemba wale wa Mombasa na Malindi wakirudi home, wanaingia Wema dirisha zote chini, mahewa juu, mkono mmoja umetolewa nje hata kama AC iko. Hiyo ni luku. Manzi aliyekulenga tangu form two ghafla anakumbuka majina yako yote mawili.

Alafu Januari inafika, na yule yule sonko anatoka mtaa akivutwa na kamba nyuma ya trekta. Ameshika steering, ameweka uso wa mtu anayeendesha. Kuna kuchoma picha kushinda hapo? Unasteer gari ambayo haijiendeshi, watoto wanakimbia kando wakishangilia, na ile speed ni ya kusalimiana na kila nyumba. "Shikamoo." "Marahaba. Imekuwaje tena?" Nyumba inayofuata. "Shikamoo." "Marahaba. Imekuwaje tena?" Hata kuanguka na boda mbele ya kanisa ni afadhali. Hiyo inaisha haraka.

Lakini tuwe fair kwa gari pia. Hapa ni delta, bro. Mto Tana unatoka huko Aberdare na Mlima Kenya, unatembea kilomita 1,000 hivi, na matope yote ya njiani umeamua ni zawadi yetu. Kukikauka, hiyo tope inakuwa vumbi laini, inaingia kwa air filter, inaingia kwa chai, inaingia kwa simu ya waterproof. Kukinyesha inakuwa gundi. Joto nalo halijawahi chukua leave. Toyota walipotoa Probox 2002, ilikuwa ka-van ka kazi ya Japan, ka kubeba katoni na karatasi za ofisi. Sidhani kuna msee kwa hiyo meeting aliinua mkono akauliza, "Na je, tukipakia maembe mpaka kwa dari, Garsen hadi Malindi, kilomita 110 hivi, saa nane mchana?"

Na bado Probox inabeba. Heshima yake apewe. Ile injini yake ya 1NZ, lita moja na nusu, ni kitu ya kudinda kufa. Lazima uiue. Na huku tunajua kuua.

Wacha nikae hapa kidogo, juu hii ndio inaniuma. Silaha ya kwanza ni themostati. Hako ni kakitu kanaingia kwa kiganja, kana spring na nta ndani, na kazi yake ni kuwa gate. Injini ikiwa baridi, gate imefungwa, maji yanazunguka ndani kwa ndani ndio ipate joto mbio. Ikigonga nyuzi 82 hivi, nta inayeyuka, inavimba, inasukuma, gate inafunguka, maji yanaenda rejeta kupoa. Imeisha hiyo. Haina app. Haina password. Haitaki wifi.

Sasa fika garage na ndai imechemka. Fundi hana scanner. Hana manual. Ana spana namba 10, na ana confidence. Anafungua housing, anatoa hako kakitu, anakarusha kwa mchanga, kuku anakimbia kucheki kama ni lunch. Anakwambia: "Boss, hii ni ya nchi za baridi. Huku ni joto."

Na inaingia akilini, si uongo. Hadi mzee aliyekaa kando anatingisha kichwa. Huku ni joto. Nani atabishana na hiyo? Umesimama hapo shati imeshika mgongo, jasho linakuingia macho, utamwambia nini?

Shida ni moja, injini haijui iko Garsen. Inataka nyuzi zake, ikiwa kwetu ama ikiwa kwa barafu. Ukitoa gate, maji yanapita tu bila breki, asubuhi injini inakawia kupata joto, kompyuta inadhani ndio mnaamka, inaongeza petroli. Kwa hivyo unakula fuel ya nganya na unabeba watu wanne. Ile petroli ya ziada inaosha oil kwa kuta za silinda, plagi zinakuwa nyeusi tititi. Alafu comedy yenyewe ndio hii: kwa Toyota mob, hiyo themostati ikifunguka huwa pia inaziba njia ya pili, ile ya maji kurudi kwa injini bila kupitia rejeta. Ukishairushia kuku, hiyo njia ya panya inabaki wazi mpaka kiama. Maji moto yanaangaliana: kwani ni lazima twende huko mbele? Yanajizungukia hapo hapo. Sasa pakia kreti za maembe, kanyaga highway, uone. Gari inachemka zaidi kuliko venye uliileta. Umeng'oa kitu ya kuisaidia kupoa ndio ipoe.

Unarudi kwa fundi. Fundi anafikiria. Anafanya fan direct.

Fan direct, kama hujawahi bahatika, ni kuruka sensor na kuunganisha waya moja kwa moja, ndio feni ikimbie kutoka ukiwasha mpaka ukizima. Mchana, usiku, mvua, Krismasi. Betri inalia, alternator inalia, na wewe unaambia watu kwa base kwamba gari iko "modified". Ukiuliza kwa nini, unajua jibu. Huku ni joto.

Themostati ya ukweli ni doh ya nyama choma na mbogi, weekend moja. Injini ni weekend za mwaka mzima na bado unadaiwa. Lakini hakuna msee amewahi kupost themostati kwa status. Hapo ndio tunakamatwa. Doh inaenda mahali inaonekana.

Cheki kifuniko cha rejeta. Kila mtu anadhani kazi yake ni kufunika. Hapana, kazi yake ni kushikilia pressure, ndio maji yasichemke kwa nyuzi 100 vile sufuria hufanya, yavumilie hadi karibu 120. Spring yake ikichoka, maji yanachemka mapema, yanatoroka kwa overflow, na wewe unadhani rejeta imetoboka. Nimeona msee ameweka kifuniko cha gari ingine, hakikushika, akafunga na juala juu yake. Juala! Ile Kenya ilipiga marufuku Agosti 2017! Sasa uko barabarani na makosa mawili, na moja ni ya NEMA.

Maji yenyewe usiniulize. Coolant ikiisha, nani atatoa ngiri ingine wakati Tana iko hapo inapita bure? Jerrycan moja, mwaga ndani, twende. Mto wenyewe ni rangi ya chai ya maziwa. Matope yanashuka kwa vijibomba vya rejeta, yanalala hapo, yanakauka. Ukipasua rejeta ya gari ya huku unapata shamba. Ungeweza kupanda mchele humo, na pengine ungefanya poa kuliko ule mradi wa mchele wa TARDA, wenye El Niño ya 1997 ilivunja tuta zake ikauangusha.

Wazee nao. Jo. Wapokomo wako na gasa, baraza la wazee, kazi yake mambo ya ardhi, kesi, heshima za watu. Fiti. Lakini kuna gasa ingine hujiitisha yenyewe kila bonnet ikiinuliwa chini ya mwembe. Hii haina agenda. Ina Land Rover.

"Mwanangu," mzee anaanza, na ukisikia mwanangu tafuta mahali pa kukaa, "sisi tulikuwa na Land Rover. Ile haikuwa gari. Ile ilikuwa chuma. Inaingia maji ya kifua, inatoka." Mwenzake anadaka na Peugeot 504. Ni ukweli Peugeot 504 ilishinda Safari Rally 1975, ikarudi 1978 ikashinda tena. Lakini ukiwasikia hawa mabuda utadhani walikuwa ndani, mmoja kwa steering, mwingine anasoma ramani. Uliza pole pole, kwa heshima, "Na hiyo Land Rover iko wapi sai, baba?" Kimya. Iko nyuma ya nyumba, wasee. Kuku wanalala ndani tangu enzi za Moi. Gari isiyokufa ilikufa kabla mimi nizaliwe.

Alafu dawa zao! Rejeta imetoboka? Pasua yai mbichi, tia ndani. Diff inalia? Ndizi mbivu, ponda, tia. Tangi linavuja? Sabuni ya kipande. Yai, ndizi, sabuni. Hiyo si garage, hiyo ni asubuhi kabla ya shule. Na usinianzie kwamba yai hufanya kazi. Najua hufanya kazi, kwa kilomita kadhaa, alafu rejeta nzima inanuka omelette na vijibomba vimezibwa na protini.

Sasa twende kwa celeb wetu. Kuna msee hapa, jina lake lilipotea siku alinunua gari, sai anaitwa Mark X. Hata mathake humwita Mark X. Alitoka nayo Mombasa, nyeusi, tinted, V6 ya lita mbili na nusu. Toyota ilileta Mark X 2004 kuchukua nafasi ya Mark II, na huku Kenya ikawa gari ya vijana wenye haraka ya kuonekana wameomoka. Kwa lami ni raha tupu. Kutoka lami kuingia Wema, tumbo linakwaruza kila tuta. Unaisikia kabla uione.

Mark X alikuwa na budget. Rims: ndio. Subwoofer ya kufanya bati za jirani zitetemeke: ndio. Sticker ya Kizungu kwa kioo cha nyuma: ndio, mbili. Service? "Next month, bro." Next month ikawa jina lake la pili.

Ukweli wa hiyo injini ni huu. Ni ya direct injection, ile ile familia ya story na D-4 za Noah zilizotesa watu miaka na miaka. Kwa injini za kawaida petroli inapita juu ya valvu za kuingiza hewa, inaziosha kila saa bila wewe kujua. Kwa direct injection, petroli inarushwa ndani ya silinda yenyewe, valvu haziogi. Masizi yanashika, yanaongezeka, hewa inapita kwa shida, gari inatetemeka ikisimama, nguvu inaisha. Kwa Noah kulikuwa na bonus: zile injini za AZ, bolti za cylinder head zinakamata kwa block ya aluminium, na zikishachemshwa vizuri, nyuzi za bolti zinatoka nazo kama uzi wa shati. Head inainuka, maji yanavuja, gari inachemka, bolti zinalegea zaidi. Msee ananunua gasketi, inawekwa, wiki mbili imepasuka, ananunua ingine. Gasketi haina makosa. Imekaliwa na kitu ambacho hakijafungwa.

Mark X yake ilianza na kula oil. Kula kabisa. Unajaza Garsen, ukifika Malindi dipstick imekauka. Fundi akasema, kwa upole, unajua alisema nini. Kitu kidogo. Akamwekea oil nzito, ile ya 40, ile ya kumwagika pole pole kama ina mawazo. Kwa nini? Haya tuimbe pamoja: huku ni joto. Hizi injini za VVT-i zina vijinjia vyembamba vya oil, zimeandikiwa oil nyepesi ifike juu haraka asubuhi. Ukitia uji, sekunde za kwanza kila siku huko juu vyuma vinasagana vikavu. Oil ilipungua kuliwa, ukweli. Moshi ukapungua. Mark X akatembea kifua mbele wiki kadhaa. Alafu injini ikaanza kunoki. Kama hujawahi kusikia injini ikinoki, ni sauti ya mtu anagonga mlango kutoka ndani, na huyo mtu ni doh yako anataka kutoka.

Kunoki maanake bearing za crank zimekwisha. Hapo kuna njia mbili, na zote ni za machozi. Ya kwanza ni overhaul: kupasua injini, pistoni rings mpya, bearing mpya, kusaga crank kwa machine shop, na machine shop haiko chini ya mwembe wetu, kwa hivyo vyuma vinapanda matatu kwenda mjini na unavilipia kiti. Ya pili ni ile wasee hupenda, juu ina jina tamu. Ex-Japan.

Ah, ex-Japan. Inasound kama manzi alisomea ng'ambo. Injini inakuja kwa container, inashuka Mombasa, zingine zinaendelea hadi Kirinyaga Road huko Nairobi, wenyewe tunaita Grogan. Unaikuta imefutwa na dizeli, inang'aa, imewekwa juu ya tairi kuukuu ndio ionekane inapumzika. Ina kilomita ngapi? Muuzaji anaangalia angani. Ilitolewa kwa gari gani? Ilipata ajali ama ilipata uzee? Anaangalia angani tena. Warranty ni kuisikia ikinguruma hapo hapo dukani, ukivuka barabara ni yako na Mungu. Kwa gari zima sheria ni kali, likipita miaka 8 haliingii Kenya. Injini yenyewe unaweza kuikuta ina umri wa broo yako mkubwa, na broo yako mwenyewe mgongo unamuuma.

Ya 1NZ ni kama 60K ukibargain na Kiswahili cha pwani, 80K ukionekana una haraka. Ya V6 nikikutajia utafunga hii story. Ongeza usafiri. Ongeza fundi. Ongeza "mounting hazikutosha". Ongeza "hii sensor ni tofauti, boss". Na injini mpya ina namba mpya, kwa hivyo NTSA nao wanataka kujulishwa, logbook ibadilishwe. Ukimaliza, injini iliyokufa kwa nchi ya watu umeizika kwa shamba yako, na umelipa matanga yote mawili.

Maji ya mafuriko ni chapter yake. Novemba 2023, El Niño ilipokuja na vitu vyake, barabara ya Garsen kwenda Lamu ilikatika Lango la Simba, wasee wakawa wanavushwa na boti, mizigo kichwani, 2024 ikajirudia. Na kila mafuriko yana hero wake. Hero anasimama kwa ukingo wa maji na ka-saloon, anacheki lori imepita, anajiambia, kama hiyo imepita mimi pia ni gari. Lori inavutia hewa juu huko. Saloon inavuta hewa nyuma ya taa ya mbele. Katikati ya maji, koh, imekohoa, imezima. Injini imevuta maji badala ya hewa. Hewa inabanwa, maji hayabanwi. Pistoni inapanda na nguvu zake zote, inagonga maji, connecting rod inakunjwa.

Hapo sasa kitu pekee ya kufanya ni kutogusa key. Toa plagi, toa maji, omba. Lakini wapi. Hero ana abiria, ana aibu, na ana gasa ya dharura imejaa ukingoni, wazee sita wamekunja suruali. "Washa tena!" Anawasha. "Sukuma!" Inasukumwa. "Weka gia ya pili, achilia klachi!" Gari ni automatic, mzee. "Weka tu!" Ilipotoka kwa maji, rod moja ilikuwa imechungulia nje kwa block. Shimo la kupitisha ngumi. Na unajua mmoja wao alisema nini akiangalia hilo shimo? Eti Land Rover ingepita.

Petroli nitapita mbio. Oktoba 2023 EPRA walipiga super 217.36 Nairobi, huku ikaongezwa usafiri, na tangu hapo wengi wamezoea kununua ile ya chupa ya soda kwa kiosk. Rangi ni ya ukweli. Ladha sijui. Mafuta taa kuchanganywa na petroli ni mchezo wa zamani Kenya, hadi 2018 serikali ikabandika ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa ndio wachanganyaji wasione faida. Ikichanganywa, injini inagonga ukikanyaga na moto wa ndani unaenda vile unataka. Boda inavumilia. Mark X inapiga nduru.

Na usidhani ni Wema peke yake imelaaniwa. Nchi nzima tuko hapa. 1986 Moi aliambia University of Nairobi watengeneze gari ya Kenya, hata iwe mbaya kwa sura na pole pole aje. Wakatengeneza tano, Nyayo Pioneer, 1990 zikaonyeshwa watu, alafu project ikakwama juu doh ya kuendelea haikupatikana. Unaona? Gari ya kwanza ya taifa ilikwama penye ya kwako hukwama. Na hii taifa imekopa tune ya anthem kutoka kwa bembelezo ya Kipokomo, wimbo wa kulaza mtoto. Sisi ndio tulipea Kenya wimbo wa kusimamia, bro, na Kenya haiwezi kutuletea themostati genuine hapa Garsen. Ni dharau.

Sasa unataka nimtukane fundi, na nimefika hapo mara kadhaa, lakini nimekuwa nikichungulia hizi story kutoka kwa benchi ya garage, na kuna kitu husemwa kabla ya kitu kidogo. Husemwa na boss mwenyewe. Gari ikishafunguliwa, fundi anasema ukweli wa kwanza: hii inataka head itolewe, ipelekwe kuskimiwa, na siku tatu. Boss anacheki saa. Ana mzigo wa mtu. Ana ngiri mbili. Anasema, "Fanya tu nifike Malindi." Nifike Malindi! Hiyo ndio spare inauzwa zaidi Tana River yote. Fundi akisikia hivyo anarudisha ukweli kwa toolbox, anachukua waya, sealant, na kakipande ka tube ya baiskeli, anakupa kilomita ulizoitisha, pengine na ishirini za juu. Umefika. Ile ya kurudi hukuitisha.

Na fundi mwenye scanner ana kasoro zake pia. Anachomeka, code inatoka, anabadilisha sensor yenye imetajwa. Sensor ilikuwa inaripoti tu. Ni kupiga mjumbe. Check engine inazimika siku mbili, inarudi na wenzake.

Mark X naye ameamua. Jana usiku kaweka picha nane kwa status, gari imeoshwa, imepigwa picha jua likizama, tairi zimepakwa ile dawa ya kung'arisha. Chini ameandika: "Mark X, very clean, lady owned, buy and drive, price slightly negotiable." Lady owned! Lady gani? Manzi wake amekaa hiyo gari mara moja na akashuka kusukuma. Buy and drive nayo, hapo nimenyamaza, juu kweli ukibuy unaweza kudrive. Hajaandika hadi wapi. Kufikia asubuhi kuna msee wa Witu ameshauliza last price, mwingine wa Hola anauliza kama logbook iko, na mzee mmoja, sijui nani alimfundisha WhatsApp, ametuma voice note ya dakika nne kuhusu 504.

Mimi nimemtext nikamuuliza kama rims zinauzwa separate.